Fyuzi za Gari la Baba

Nilipokuwa darasa la sita mama alinituma nimpelekee baba funguo za nyumba kazini, kwenye kiwanda cha misumari kule Viwandani. Askari wa lango aliniruhusu nisimame kwenye mlango wa karakana nimsubiri. Nilisimama hapo dakika mbili, labda tatu. Nilirudi nyumbani Mbotela masikio yakivuma, na jioni mama alipoongea nami ilibidi nimwombe arudie. Baba alisimama kando ya mashine zile miaka ishirini na minane. Pamba ya kuziba masikio alijinunulia mwenyewe.

Siku alipostaafu walimpa cheti na blanketi. Hakuna aliyewaza kumpima masikio. Sisi watoto wake tulikuwa tumezoea kupaza sauti tangu utotoni, hata majirani wapya walidhani ni nyumba ya ugomvi. Na mtu akithubutu kumwambia kwamba hasikii vizuri, baba alikuwa na jibu lake: "Nasikia. Ni nyinyi mnaongea kama watu wenye viazi moto mdomoni."

Kwa pesa za kustaafu alinunua gari. Lilikuwa dogo, jeupe, la milango minne, limeshapita mikononi mwa watu wengi kabla yake. Aliliegesha kati ya mfereji wa maji, lile bomba la mtaa, na kibanda cha mama wa mboga, akaliosha kila asubuhi hata lisipokuwa limekwenda popote. Kwa wiki mbili hivi alikuwa mtu mwenye furaha. Kisha akasema redio yake imekufa.

Mimi na mama tuliingia ndani ya gari siku ya Jumapili, akatuwashia ili tushuhudie. Msomaji wa habari alisikika sawasawa, hata pale alipovuta pumzi.

"Mmeona?" baba akasema. "Imekufa kabisa."

Mama, aliyekuwa kiti cha mbele, alitazama mikono yake. Mimi nikatazama dirishani. Nimeirudia siku ile kichwani mara nyingi, maana neno moja la ukweli wakati ule, tukiwa watatu tu na vioo vimefungwa, lisingemuumiza kama lilivyokuja kumuumiza baadaye.

Hapa niseme kazi yangu. Mimi ni fundi wa umeme. Nilisoma chuo cha ufundi, msichana peke yangu darasani kati ya wavulana, nikijilipia kwa vibarua kwa sababu karo iliyokuwepo ilimwendea kaka yangu, ambaye aliacha masomo muhula wa pili na sasa anauza makava ya simu Eastleigh. Nimefunga umeme kwenye majumba ya kupangisha ambayo siwezi kuyahesabu, mengi yake kule Njiru, ninakoishi. Baba akiulizwa binti yake anafanya nini, husema, "Anasaidia mafundi."

Kwa hiyo alipotaka redio ya nguvu hakuniita mimi. Alimwendea fundi mmoja wa redio za magari mwenye kibanda karibu na Jogoo Road, mwanamume wa umri wangu, mwenye mdomo mtamu. Fundi yule alimuuzia amplifaya na spika kubwa iliyofungwa ndani ya sanduku lenye zulia, akaviweka kwenye buti. Alivuta waya mmoja mnene kutoka betri mbele hadi nyuma, na karibu na betri akaweka fyuzi, kama inavyotakiwa. Hilo alilifanya vizuri. Nataka niwe mkweli kwake pale anapostahili.

Baba akaondoka na muziki wake. Alipopanda tuta la kwanza la kuingia mtaani, muziki ukazima.

Fyuzi ilikuwa imeungua. Fundi akaweka nyingine, bila malalamiko. Hiyo ilidumu hadi siku ya pili, ikaungua kwenye tuta lilelile. Ya tatu haikufika hata kwenye tuta. Baba alimwambia mama kwamba gari limerogwa na mtu fulani wa kanisani aliyekuwa akilitazama sana, na hapo ndipo mama aliponipigia simu.

Nilifika Jumamosi asubuhi na begi langu la vifaa. Fundi alikuwa ameshaitwa na baba, amefungua boneti, anasafisha mikono kwa kitambaa. Baba alikuwa amesimama kando yake katika shati lake zuri.

"Sasa siz," fundi akanisalimu. "Niko na hii kazi, usijali. Amp inavuta umeme sana, hiyo ndiyo shida. Hii fyuzi ni ya sitini, ni ndogo. Namwekea mzee ya mia na hamsini. Hiyo haikatiki hata aende nayo mpaka Busia."

"Unajua kwa nini hizi zimekatika?" nikamuuliza.

"Si nimekuambia? Ni ndogo."

"Fyuzi hailindi redio. Inalinda waya. Ukiweka ya mia na hamsini kwenye waya huu, kitakachoungua ni waya wenyewe, na waya umepita chini ya zulia, chini ya kiti alichokalia mzee."

Fundi alicheka, akamgeukia baba. "Mzee, msichana wako ananifunza kazi."

Baba hakusikia niliyosema mimi, lakini hilo la fundi alilisikia, au aliliona kwenye uso wake. "Wewe ulisomea nyumba," akaniambia kwa sauti ile yake ya kiwandani. "Hii ni gari."

Mama wa mboga aliinua kichwa kutoka kwenye sukuma wiki yake. Ningeweza kwenda zangu. Badala yake nilienda nyuma, nikafungua buti, nikautoa kabisa waya wa umeme kwenye amplifaya na kuifunga ncha yake kwa tepu ili isiguse chochote. Nikarudi mbele nikaweka fyuzi mpya niliyokuja nayo.

"Washa gari," nikamwambia fundi. "Kisha tulitikise."

Aliwasha. Tukaweka mikono juu ya mabawa ya mbele, juu ya magurudumu, yeye upande mmoja na mimi upande mwingine, tukalisukuma gari chini na juu. Mara ya nne au ya tano tulisikia mlio mdogo kama wa kijiti kikivunjika. Fyuzi imekwenda.

"Amplifaya haijafungwa," nikamwambia. "Haipo kwenye waya. Sasa ni nani amevuta?"

Nilivua kichwa cha betri, nikatoa mita, nikabana ncha moja kwenye waya na nyingine kwenye bodi ya gari. Mita inapolia maana yake viwili hivyo vinagusana, na havipaswi kugusana kamwe. Ilikaa kimya. Nikauvuta waya kidogo pale unapoingia ndani kupitia ukuta wa chuma ulio nyuma ya injini. Ikalia. Nikauachia, ikanyamaza.

Fundi alikuwa ametoboa tundu kwenye ule ukuta na kupitisha waya hivyohivyo, bila mpira wa kuukinga. Kingo za tundu zilikuwa kali kama kopo lililofunguliwa kwa kisu. Kila gari liliporuka, chuma kililikata ganda la waya kidogo kidogo, hadi shaba ikabaki wazi. Kwenye tuta shaba iligusa bodi, ikapiga shoti, fyuzi ikafa. Haikuwa na kosa. Ilikuwa imefanya kazi yake mara nne.

Nilimwonyesha baba kwa kidole. Aliinama, akatazama ile shaba iking'aa, kisha akamgeukia fundi. Nilidhani atasema kitu. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa na nilisimama pale nikingoja kama mtoto aliyeleta ripoti ya shule.

"Ni vitu vidogo hivi," baba akamwambia fundi, akimpigapiga begani. "Hata kiwandani vilitokea. Usijali."

Fundi alikusanya vifaa vyake akaondoka bila kuniaga. Mimi nikabaki na kazi. Nililainisha kingo za tundu kwa tupa, nikavalisha mpira, nikabadilisha kile kipande cha waya kilichoharibika, nikaubana waya usicheze. Nikarudisha fyuzi ya sitini. Nilizunguka na gari mtaa mzima, nikapanda kila tuta mara mbili, na fyuzi ikakaa. Ilikuwa saa saba mchana, na mama alikuwa amepika kuku.

Sasa nafika mahali ambapo si kosa la fundi.

Baba aliingia garini, akafungua milango yote minne, akaweka wimbo wa kwaya ambao yeye na mama waliupenda tangu walipokuwa wachumba. Sauti ilijaza mstari wote wa nyumba. Ilikuwa safi. Wale akina mama wa kwaya walisikika kama wamesimama hapo kwenye mfereji, kila mmoja na sauti yake. Mama alitoka mlangoni na mwiko mkononi, akasimama.

"Ongeza," baba akasema akishuka, akiniachia redio. Nikaongeza. "Ongeza!" Nikaongeza tena, mpaka mabati ya kibanda cha mboga yakaanza kutetemeka. Watoto wakaja, majirani wakatoka.

Baba alikuwa ameinamisha kichwa, amekunja uso, kama mtu anayetafuta kitu kilichoanguka chini ya kitanda. Akanigeukia.

"Mbona hawa watu hawaimbi?"

"Wanaimba, baba."

"Ni ngoma tu inapiga. Dum, dum. Watu wako wapi?"

"Wanaimba!"

"Umeniharibia. Hii spika umeifunga vibaya. Kwa yule kijana ilikuwa inaimba."

Haikuwa imewahi kuimba. Kilichobaki masikioni mwake ni ile miguno mizito ya chini. Sauti za watu, hasa za wanawake, mashine za kiwandani zilishazinyakua zamani. Niliyaelewa yote hayo kwa mara moja, na badala ya huruma nilishikwa na hasira. Hasira ya karo, ya "anasaidia mafundi", ya lile bega la fundi lililopigwapigwa. Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote ili nipite juu ya muziki:

"Baba, ni masikio yako! Wewe ni kiziwi!"

Wimbo ulikuwa umefika mwisho. Ulikatika katikati ya sentensi yangu, na yale maneno ya mwisho yakatoka peke yake katika ukimya, mbele ya mtaa mzima. Yeye mwenyewe aliyasikia. Naapa aliyasikia, kwa sababu niliona mdomo wake ukilegea.

Alizima redio, akafunga milango, mmoja baada ya mwingine, akaingia ndani. Yule kuku tulimla mimi na mama.

Wiki iliyofuata alirudi kwa yule fundi. Hayo nimeyajua baadaye, kwa vipande. Alimwambia anataka sauti zaidi, na fundi akamuuzia spika ya pili kubwa kama ile ya kwanza, na amplifaya nyingine, akavifunga vyote kwenye waya uleule mmoja. Safari hii hakukuwa na shoti. Ulikuwa mzigo tu, umezidi uwezo wa waya, na fyuzi ya sitini ikakataa kuupitisha. Ikaungua. Wakaweka nyingine, ikaungua. Ndipo fundi alipochukua kipande cha waya mnene, akakikunja, akakifunga mahali pa fyuzi.

Baba aliendesha hivyo siku tatu. Siku ya nne, alasiri, alikuwa akirudi kutoka kununua unga, muziki umefunguliwa hadi mwisho. Mchomeleaji mmoja wa kutengeneza mageti, kando ya barabara ya kuingia mtaani, ndiye aliyenisimulia. Aliona moshi ukitoka kwenye kiti cha nyuma. Akapiga kelele. Wenzake wakapiga kelele. Mama mmoja wa mahindi ya kuchoma alikimbia kando ya gari akipunga leso. Na baba, alisema yule mchomeleaji, baba aliwapungia mkono. Alikuwa anatabasamu. Alidhani wanausifu muziki wake.

Mchomeleaji aliruka akasimama mbele ya gari akiwa bado amevaa miwani yake ya kazi. Baba akafunga breki ili asimgonge. Wakamvuta nje kwa mkono wa shati. Walimwaga mchanga na maji ya mama wa mahindi, lakini viti vilikuwa vimeshika moto, na walipomaliza kilichobaki kilikuwa bodi, injini na harufu. Baba hakuumia, ila nyusi za upande mmoja zilibabuka.

Nilifika siku iliyofuata. Gari lilikuwa limesukumwa hadi mahali pake karibu na mfereji. Nilifungua boneti. Moto haukufika huko, na kile kipande cha waya kilikuwa bado kimekaa mahali pa fyuzi, kimebadilika rangi kuwa buluu. Nilikitoa kwa koleo nikaingia nacho ndani. Baba alikuwa kwenye kochi. Nilikiweka kwenye kiganja changu nikamnyoshea.

Alikitazama. Alijua ni nini. Mtu hakai na mashine miaka yote hiyo asijue.

"Sisikii," akasema.

Nilikuwa bado sijasema neno.

Niliondoka nikaenda kwa yule fundi. Nilikwenda nikiwa na maneno mengi tayari. Alikuwa amekaa mbele ya kibanda chake, na aliponiona alisimama mwenyewe.

"Siz, mzee ndiye alisema," akaanza kabla sijafungua mdomo. "Alisema weka ile haikatiki, amechoka kukatiwa. Nilimwambia itachoma. Nilimwambia mara mbili. Sijui kama alisikia."

Sikumwamini. Wala sikuweza kumkatalia. Hicho ndicho kinachoniuma hadi leo kuhusu mtu yule: alipata udhuru ambao hakuna mtu atakayeweza kuuvunja.

Jumapili mbili baadaye ndugu zetu wa ukoo walikutana nyumbani baada ya ibada, kumpa baba pole. Walikuwa watu kumi na kitu, wamebanana kwenye chumba kile, chai ikipita. Mjomba wangu aliuliza kwa sauti kubwa moto ulianzaje. Baba aliweka kikombe chini.

"Msichana wangu ndiye alishika waya mwisho," akasema. "Alitaka kunisaidia. Ni vile hii kazi si ya wanawake."

Aliyasema kwa upole kabisa, kana kwamba ananisamehe. Kaka yangu, aliyejua kila kitu, aliongeza, "Ni bahati tu baba yuko hai." Wote wakanigeukia. Nikamtazama mama. Mama alikuwa akimimina chai, na aliendelea kumimina.

Nilimfuata jikoni. "Mama, unajua si mimi."

"Najua."

"Mbona hukusema?"

Alifunga mlango kwa mguu. "Wewe ulimwita kiziwi mbele ya watu," akasema. "Sasa hana gari. Ukimwondolea na hili, atabaki na nini?"

"Na mimi nabaki na nini, mama?"

Alinipa sahani ya mandazi niipeleke kwa wageni. Niliipeleka. Nimejilaumu kwa mambo mengi katika habari hii, na mojawapo ni kwamba niliipeleka sahani ile.

Mmoja wa wale wageni alikuwa anajenga vyumba vya kupangisha Njiru, na alikuwa ameniahidi kazi ya umeme, nyumba nzima. Alinipigia simu mwezi uliofuata. Alikuwa na adabu sana. Alisema mke wake amepata fundi mwingine, mtu wa kwao.

Mwaka jana nilifaulu kumpeleka baba kupimwa, kwa ujanja wa mama, aliyemwambia ni kliniki ya presha. Walimweka kwenye kijumba cha kioo, wakamvalisha vifaa masikioni, wakampa kitufe cha kubonyeza kila anaposikia sauti. Nilimwona kupitia kioo, amekaa wima, kidole juu ya kitufe, akingoja. Alingoja muda mrefu sana. Daktari aliniuliza alikuwa akifanya kazi wapi, na nilipomwambia akaandika bila kushangaa. Nilikwenda kiwandani na karatasi yake. Wenye kiwanda wa sasa si wale wa zamani, wakaniambia hawana faili za watu wa wakati ule.

Alipewa vifaa vya kusaidia masikio. Alivivaa siku moja. Mama anasema alikaa akisikiliza vijiko, na mfereji wa nje, na kikohozi chake yeye mama, kisha akavitoa akavirudisha kwenye kiboksi. Kiboksi kiko juu ya kabati.

Mimi hupiga simu Ijumaa. Baba hupokea, kwa sababu simu hukaa mfukoni mwake na huihisi ikitikisika. Nasema, "Shikamoo, baba." Hungoja kidogo, nasikia anavyopumua. Kisha humpa mama simu.